Mvinyo wa Miaka Tisa

Mtu mmoja wa Hombolo alikuwa na shamba la zabibu, mke mwenye subira, na kaka ambaye hakusema naye kwa miaka tisa. Jina la mtu huyo lilikuwa Mazoya. Yeye na kaka yake, Chiduo, walikosana kwa sababu ya mstari mmoja wa mizabibu ya mpakani, mizabibu kumi na minne tu, ambayo mbuzi mmoja mwenye njaa angeimaliza asubuhi moja na bado akatafuta chakula cha mchana. Mwaka wa ugomvi, Mazoya alizichuma zabibu za mstari ule peke yake, akazikamua, mvinyo wake akautia katika chupa kubwa ya lita ishirini, akaipandisha darini chini ya bati. Akaapa kwamba ataifungua siku watakayopatana. Lakini kumwita Chiduo hakumwita. Alijiambia kuwa mvinyo kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kuwa mzuri, na bila shaka udugu nao ni vivyo hivyo.

Kwa habari ya mvinyo, Mazoya alikuwa haambiliki. Aliwahi kubeba sinia katika hoteli moja mjini kwa miezi mitatu, na aliyoyaokota huko aliyahubiri kijijini kama maandiko: mvinyo mwekundu haupozwi, hata jua likipasua mawe, mvinyo wa mwaka huu haunyweshwi mgeni wa maana, na anayeunywa kwa kikombe cha bati ni sawasawa na anayelamba sufuria. Majirani walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaenda zao wakanywa wa mwaka huu, wa baridi, kwa kikombe cha bati, na hakuna aliyekufa.

Basi ikaja habari kwamba Chiduo atafika Jumapili baada ya ibada. Kifua kilikuwa kinamsumbua, miguu imechoka, naye alisema njia ile ataipita mara moja tu. Akirudishwa mlangoni, hatakuja tena mpaka wazikane.

"Baba Tabitha," mke akasema, "mpe huu wa mwaka huu. Uko mtungini, nimeuzungushia gunia lililoloa, umepoa vizuri."

"Mama Tabitha, wewe ulifanya kazi hoteli gani?" Mazoya akamjibu.

Chiduo akaja, jasho linamtiririka, akaketi na fimbo yake magotini. Salamu zikawa fupi. Chupa ikateremshwa ikiwa ya moto kama chungu cha uji, maana bati lilikuwa limeipika miaka tisa. Mazoya akaifungua, akaagiza iachwe kwanza ipumue. Ikapumua. Nzi wakaja, wakanusa, wakaondoka. Kisha akamimina katika bilauri ya mguu mrefu aliyoiazima kwa padri, na hapo ndipo alipokosea kosa kubwa kuliko yote. Kwao mwenyeji hunywa kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu. Lakini hotelini Mazoya alikuwa ameona mgeni ndiye anayeonjeshwa kwanza. Akamnyooshea kaka yake bilauri, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama wima, mikono mgongoni.

Chiduo akaitazama bilauri, akamtazama mdogo wake. Akagusa kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa siki, tena siki ya kung'oa kutu kwenye jembe. Ugomvi wa miaka tisa, kinywaji kinachouma ulimi, na mwenyeji asiyeonja: fumbo hilo hata mtoto hulifumbua. Akaiweka bilauri chini, akashika fimbo, akainuka.

Mazoya akauona mgongo wa kaka yake ukielekea mlangoni, na hoteli yote ikamtoka kichwani. Akaidaka bilauri, akainywa mpaka tone la mwisho. Machozi yakamwagika, masikio yakapiga kengele, akakohoa kama trekta linalogoma kuwaka. Chiduo akageuka. Akamwangalia anavyoteseka, na midomo yake ikaanza kumcheza.

"Kumbe si sumu, mdogo wangu, ni ujinga tu! Lete wa mwaka huu. Mimi sikuja kunywa miaka, nimekuja kunywa na wewe."

Mama Tabitha alikuwa amekwisha kufika na mtungi na vikombe viwili vya bati. Mazoya akanywa kwanza, kisha akampa kaka yake. Ulikuwa mchanga, mwepesi, wa baridi, na koo la Chiduo likaupokea kama ardhi inavyopokea mvua ya kwanza. Wakazungumza, wakakatizana maneno, wakacheka mpaka mbuzi wakarudi zizini wenyewe.

Basi wewe unayeliweka neno la amani mpaka likomae, nani alikuambia kwamba kila kinachokaa hukomaa?