Fimbo ya Ambokile

Hapo zamani, na wewe unayecheka huko nyuma nyamaza, ni zamani ya juzi tu, Sikitu alikuwa na mume aliyependa samaki. Sikusema kupenda kula. Alipenda kuvua, kwa fimbo na mshipi, kwa raha zake.

Mume huyo, Ambokile, alikwenda kusini kuchimba migodini akiwa kijana. Sikitu akabaki na watoto, na mvua, na baridi ya milimani. Akamngoja. Akamngoja mpaka majirani wakachoka kumuuliza. Siku Ambokile aliporudi alikuwa na mvi, kifua kibovu, na fimbo ya kuvulia inayong'aa. Chai haijapoa, akaanza kuulizia mto Kisira.

"Yule samaki wa chini ya maporomoko bado yupo? Mwenye madoadoa? Kule migodini, kila nikifumba macho nilikuwa namwona yeye."

"Na mimi je, Baba Anyisile? Mimi hukuniona?"

"Aa, wewe nilijua upo."

Jamani! Ndiyo maneno ya kumwambia mwanamke aliyekungoja hayo? Sikitu alicheka ili asilie, akaenda kuosha vikombe.

Sasa, Kisira si mto wa kuingia ovyo. Leseni moja, mtu mmoja, fimbo moja. Ukishika fimbo bila leseni unahesabiwa mwizi, na Mwakalobo, afisa wa uvuvi ambaye watu walimwita Bwana Samaki, hakuwa na mchezo. Ambokile akakata leseni yake vizuri. Lakini kifua kikamlaza karibu msimu mzima. Alipata nafuu siku ya mwisho, kesho yake mto unafungwa ili samaki watage. Na wote walijua, ingawa hakuna aliyesema, kwamba kifua kile hakitafika msimu mwingine.

Wakaenda, Ambokile, Sikitu, na jirani yao Lugano aliyemshika mkono kwenye miteremko. Bwana Samaki akawakuta huko, akaitazama leseni, akasema, "Haya mzee, vua." Akakaa juu ya jiwe.

Jua linashuka, mshipi ukakaza.

"Ni yeye, kaka! Vuta!" Lugano akapiga kelele.

Ambokile akavuta, akalegeza, akavuta, akalegeza, huku anacheka. Sikitu hakuwa amekisikia kicheko kile tangu uchumba wao. Akatamani angekuwa yeye aliye mwisho wa ule mshipi.

Mara kikohozi. Mzee akaanguka, fimbo ikamponyoka. Lugano akairukia, akaidaka.

"Iache! Leseni si yako!" Bwana Samaki akafoka.

"Nikiiacha, samaki anakwenda!"

"Basi mrudishie mwenyewe!"

Ambokile akajiinua. "Nipe fimbo yangu, Lugano." Akapewa. Samaki akavuta, naye akafuata. Maji ya magoti. Maji ya kiuno, tena baridi ya kukata mifupa, na mbele pale kuna kina cha kummeza mtu.

"Toka, Baba Anyisile!" Hakusikia. "Iachie hiyo fimbo!" Hakuiachia. Sikitu akachomoa kisu cha kuparia samaki kikapuni, akaingia majini, akaukata mshipi.

Samaki akaenda zake. Ambokile akasimama palepale akiyatazama maji, machozi yanamtoka.

Aliishi tena miezi kadhaa, kando ya moto, Sikitu akimnywesha uji. Hakumlaumu. Hakumshukuru pia. Alitazama tu dirisha la upande wa mto. Alipokaribia kufa akasema, "Fimbo mpeni aliyenipenda kuliko wote siku ile mtoni." Jina hakulitaja, akafa nalo.

Matanga yalipokwisha, watatu waliokuwa naye mtoni wakakaa kuamua fimbo ni ya nani.

Lugano akasema, "Niliidaka nikijua naweza kufungwa. Bila mimi ingekwenda na maji. Na alipoitaka nilimpa, maana ndicho alichokitaka maishani."

Bwana Samaki akasema, "Ningenyamaza, mzee angepelekewa samaki wa Lugano. Yeye alimtaka wa mkono wake, wa leseni yake. Hilo ndilo nililompigania."

Sikitu akasema, "Ninyi mlimpa alichokitamani. Mimi nilimnyima, nikijua atanichukia, ili apumue. Nilikuwa bado sijamshiba mume wangu."

Lakini akiwa peke yake jikoni hujiuliza: aliukata mshipi ule kwa kumwokoa mume, au kwa kumwonea wivu samaki?

Fimbo mpaka leo iko juu ya dari. Sikitu hana haja ya kuvua, hata kutia chambo hajui. Anachotamani ni mtu mmoja tu amwambie kwamba ni yake.

Haya, msitazame chini, semeni. Fimbo ya Ambokile, je, nani aliistahili?