Figo ya Kushoto

Hii niliisoma mara mbili kabla ya kuituma. Kama una mtoto anayesomea udaktari, au wewe mwenyewe unafanya kazi chini ya mkubwa mkali, isome bila haraka, kisha mpe na mwenzako.

Palikuwa na mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tano, jina lake Kokugonza. Alikuwa na nia moja tu duniani, nayo ni kuwa daktari wa upasuaji. Wenzake walikuwa bado wanapima, huyu anataka udaktari wa watoto, yule wa macho. Yeye alikwisha chagua tangu siku ya kwanza alipovaa koti jeupe.

Na alijiandaa kweli kweli. Kitanda chake cha bwenini kilijaa nyuzi kwenye vyuma vyake, kila uzi una fundo. Alifunga mafundo kwa mkono wa kulia, akafunga kwa wa kushoto, akafunga huku amefumba macho. Jumamosi alikwenda buchani kununua ngozi ya nguruwe, akaichana kwa wembe na kuishona, akaichana tena na kuishona tena. Alijizoeza kusimama saa nne bila kuegemea kitu. Alijizoeza hata kula kwa mkono wa kushoto ili uwe mwepesi, na mama yake alipomwona likizo alimkemea mbele ya wageni.

"Mwanangu, hivi ndivyo wanavyowafundisha huko?"

"Mama, na mkono huu nao unatakiwa uwe na akili."

Katika hospitali aliyosomea alikuwapo daktari bingwa wa upasuaji, Daktari Mbonde. Mikono yake ilisifika mikoa mitatu. Ukali wake pia ulisifika. Kila mwaka alichagua mwanafunzi mmoja tu wa kusimama naye mezani, na aliyechaguliwa alijua njia yake imefunguka. Mwaka mmoja kabla, mwanafunzi aliyemuuliza swali katikati ya upasuaji alitolewa nje, na hakuitwa tena.

Mwaka huo alichaguliwa Kokugonza. Siku ya kwanza daktari alimwambia neno moja tu.

"Mezani kwangu mikono inasema. Mdomo unalala. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari."

Wiki ya tatu akalazwa mgonjwa aliyeitwa Ambakisye, mfyatua matofali, mtu wa miaka arobaini na moja. Figo yake ya kushoto ilikuwa imeoza kwa mawe na usaha, ikabidi itolewe. Ya kulia ilikuwa nzima. Kokugonza ndiye aliyempokea wodini. Alimuuliza maumivu yalianza lini. Alimbonyeza ubavu wa kushoto, mgonjwa akauma meno. Akaandika kwenye faili kwa mwandiko wake mwenyewe: figo ya kushoto.

Mkewe, Subilaga, alikuwa ameketi pembeni na kikapu mapajani.

"Binti, atapona?"

"Mama, mtu huishi vizuri tu kwa figo moja. Usiwe na wasiwasi."

Asubuhi ya upasuaji, orodha ya wagonjwa ilibandikwa mlangoni. Aliyeinakili aliinakili kwa haraka, na mbele ya jina la Ambakisye aliandika "kulia." Kosa la neno moja. Daktari Mbonde, ambaye katika raundi ya mwisho ya wodini alikuwa ameona wagonjwa kumi na wanne, alisoma ile orodha na kuingia kunawa.

Mle ndani walikuwa watu sita: Daktari Mbonde, daktari msaidizi aliyehamia hospitalini juzi yake, mtaalamu wa dawa ya usingizi, Sista Ngonyani aliyekuwa akimpa daktari vyombo, muuguzi mwingine wa kuzunguka na kuleta vitu, na Kokugonza. Mgonjwa alipolala usingizi wa dawa, walimgeuza kwa ubavu, wakamfunika shuka za kijani. Sehemu moja tu ya ngozi ikabaki wazi.

Kokugonza aliitazama ile ngozi. Kisha akatazama kichwa cha mgonjwa kilikolala. Ubavu wa kulia ndio uliokuwa juu.

Alijisemea pengine amechanganya mwenyewe, maana mtu akilala ubavu kulia na kushoto hupotea kirahisi. Akahesabu tena kwa kutumia mikono yake mwenyewe. Hapana. Ilikuwa kulia. Akafungua mdomo chini ya barakoa, akaufunga. Akamtazama Sista Ngonyani, mwanamke aliyefanya kazi miaka ishirini na miwili katika chumba kile. Sista alikuwa ametulia, macho kwenye vyombo vyake. Kokugonza akajiambia: kama kungekuwa na kosa, huyu angesema. Mimi ni nani?

Daktari Mbonde alishika kisu. Alikiweka juu ya ngozi, akasimama kidogo, akainua macho, akawatazama wote. Hakuna aliyetikisika. Akakata.

Baada ya saa moja na nusu, figo ilikuwa imetenganishwa na nyama za pembeni, na mshipa wake mkubwa wa damu umebanwa. Daktari akamgeukia Kokugonza.

"Funga wewe."

Hilo ndilo fundo la kwanza Kokugonza alilofunga ndani ya mwili wa mtu aliye hai. Vidole havikutetemeka. Uzi ulikaa palepale ulipotakiwa, na halikuvuja tone.

"Safi sana," alisema Daktari Mbonde, na watu waliokuwamo mle walijua kwamba neno hilo halitoki mdomoni mwake mara mbili kwa mwaka.

Figo ikakatwa, ikawekwa kwenye beseni. Ilikuwa nyororo, ina rangi nzuri, haina jiwe hata moja. Daktari aliitazama kwa muda mrefu.

"Nileteeni faili," alisema.

Alisoma. Kisha akaketi juu ya kigoda, mikono yake yenye damu imeinuliwa mbele yake kama mtu asiyejua aiweke wapi. Kuirudisha figo hakukuwezekana. Maji yalikwisha mwagika.

Ambakisye alipozinduka na kuelezwa, aliuliza swali moja.

"Kwa hiyo nimebaki na ile mbovu?"

Mwili wake ulianza kuvimba, miguu kwanza, kisha uso. Wakampeleka kwenye mashine ya kusafisha damu, lakini usaha wa ile figo mbovu ulikwisha ingia mwilini. Siku ya ishirini na tatu akafariki. Subilaga alikuwa amekwenda kumchotea maji ya kunywa. Aliporudi alikuta shuka imefunika uso.

Kamati ikaundwa. Kokugonza aliitwa, akaketi mbele ya wazee watano. Walifungua faili, wakapitisha kidole kwenye mwandiko wake.

"Haya uliandika wewe?"

"Ndiyo."

"Umeandika kushoto. Umeandika sawasawa. Wewe huna kosa, unaweza kwenda."

Hakuna aliyemuuliza, je, uliona? Akatoka amesafishwa. Wenzake wakampongeza, wengine wakamwambia kwamba faili lile limemwokoa. Lakini chakula kilimshinda, na kila aliposhika uzi vidole vilimfa ganzi. Siku ya nne akamfuata Sista Ngonyani, akamkuta mchana chumba cha kuoshea vyombo.

"Sista, nina jambo. Siku ile mimi niliona. Nilijua si upande wenyewe."

Sista aliacha kuosha. Hakugeuka.

"Hata mimi niliona," alisema.

Kokugonza alidhani hakusikia vizuri.

"Mimi ndiye niliyempokea mgonjwa mlangoni," Sista aliendelea. "Alijishika ubavu akaniambia, ni huku, sista. Alijishika kushoto. Walipomgeuza nikashtuka. Nikakutazama wewe. Nikasema, huyu ndiye aliyeandika faili kwa mkono wake. Kama yeye ametulia, basi nimekosea mimi, uzee umeanza kuniingia."

"Lakini mimi nilikuwa nakutazama wewe!"

Sista alifunga bomba la maji, akakausha mikono.

Walikwenda pamoja ofisini kwa Daktari Mbonde. Alikuwa anapanga vitabu kwenye maboksi, kwa kuwa alikwisha simamishwa kazi. Walimweleza bila kuficha, wakingoja awafokee. Hakufoka. Alikaa.

"Mnakumbuka nilisita kabla ya kukata?" alisema. "Nilikuwa na wasiwasi. Nilikumbuka kama vile picha ya eksirei ilionyesha kushoto, lakini orodha ilisema kulia. Nikawatazama mmoja mmoja. Nikasema moyoni, hawa wamemshika mgonjwa huyu, wameongea naye. Kama ningekuwa nakosea, hata mmoja wao angekohoa."

Sista Ngonyani alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote ishirini na miwili.

"Daktari, wewe ndiye uliyetufundisha tusikohoe."

Mzee yule akainamisha kichwa.

Siku iliyofuata Kokugonza na Sista waliandika barua kwa kamati, kila mmoja kwa mkono wake, wakieleza walichokiona na walichokinyamazia. Sista akapewa onyo na kuondolewa chumba cha upasuaji. Kokugonza akaambiwa arudie mwaka mzima, na nafasi yake mezani ikafutwa. Daktari Mbonde hakurudi tena kazini. Hakuna aliyewapigia makofi. Baadhi ya wenzake Kokugonza walimwita mjinga: aliyekwisha okoka na mamba, anarudi mtoni kufuata nini?

Lakini bado palikuwa na mtu mmoja ambaye hajaambiwa. Jumapili, Kokugonza na Sista Ngonyani walisafiri mpaka kwa Subilaga. Walimkuta uani, mbele ya tanuri la matofali ambalo mumewe hakuwahi kulichoma. Matofali mabichi yalikuwa yameanza kumeguka kwa mvua.

"Shikamoo, mama," alisema Kokugonza.

"Marahaba. Karibuni."

Akawaletea viti. Hapo ndipo Kokugonza alipomweleza yote, tangu orodha ya mlangoni mpaka lile fundo alilolifunga mwenyewe. Alipofika kwenye fundo Sista akampokea, akamalizia.

Subilaga alisikiliza, mikono imefumbata magoti. Hakulia. Kisha akauliza:

"Mlikuwa wangapi mle ndani?"

"Sita, mama."

"Na waliojua?"

"Tulijua wawili. Daktari alitilia shaka. Watatu."

"Watatu," alirudia. "Na kusema kungechukua muda gani?"

"Neno moja tu, mama."

"Basi niambieni mlichokuwa mnakiogopa, maana nataka nikielewe. Mngefungwa?"

"Hapana."

"Mngepigwa?"

"Hapana, mama," alisema Kokugonza. "Tuliogopa kukemewa."

Subilaga aliwatazama kwa zamu, kwanza Sista, kisha msichana.

"Kukemewa tu?"

Mwanamke yule aliinuka polepole, akachukua turubai lililokuwa chini, akaanza kuyafunika matofali ya mumewe, kwa kuwa wingu lilikuwa linakuja. Kokugonza alinyanyuka kushika upande wa pili wa turubai. Subilaga hakumkataza.

Funzo: Unaponyamaza ukingoja mwenye cheo au mwenye uzoefu aseme kwanza, huenda naye anakutazama wewe, na ukimya wako ndio unaomthibitishia kwamba mambo ni sawa. Na wewe uliye mkubwa, ukiwafunga watu midomo siku za salama, usitegemee waifungue siku ya hatari. Aibu ya kukemewa huisha kabla jua halijatua. Anayezikwa kwa ajili ya ukimya wako harudi.