Bi Digidigi Aliyekataa Kujikuna

Paukwa!

(Pakawa!)

Hamjala? Paukwa!

(Pakawa!)

Hapo sawa. Pakawa kijiji cha wanyama, na mzinga mmoja wa asali ya wote, na chini ya mzinga upupu umejaa tele. Nani hajui upupu? Ukikugusa utajikuna mpaka ulie. Waliuacha uote pale makusudi, mwizi asikaribie.

Basi hapo zamani za kale, Tumbili alikwenda kuiba asali. Akala, akashiba, akashukia upupuni. Wee! Akaja mbio kijijini anajikuna mgongo, anajikuna tumbo, anajikuna mahali ambapo siwatajii.

"Una nini, Tumbili?" wakamuuliza.

Aseme ametoka wapi? Akatupa macho huku na huku, akamwona Kinyonga ametulia zake kwenye tawi.

"Kinyonga kanitazama!" akalia. "Kanitazama mara moja tu, nikaanza kuwashwa. Kaniroga!"

Sasa wanyama wale walikuwa na desturi yao. Mmoja akipiga yowe, wote hupiga yowe kwanza, wakauliza baadaye. Desturi hiyo iliwaokoa mara nyingi na moto wa nyika. Siku ile iliwapoteza.

Sungura akamtazama Tumbili, naye akajikuna. Ngiri akamtazama Sungura, naye akajikuna. Twiga akajisugua kwenye mti mpaka mti ukainama. Kijiji kizima kikawa kinaimba:

"Nawashwa, nawashwa,
Kinyonga kanitazama!"

Wengine hawakuwashwa hata kidogo. Lakini Ngiri alisema, "Asiyejikuna ni mwenzake Kinyonga!" Basi nani angethubutu kutulia?

Simba, mkubwa wao, akaamua: jua likifika utosini, Kinyonga atupwe kwenye njia ya siafu. Wakamtia ndani ya tenga, wakafunga kifuniko. Maskini, kwa hofu aligeuka manjano, akageuka kijivu. "Jamani, mimi nilikuwa naota jua tu!"

"Mnaona anavyogeuka?" wakasema. "Mchawi huyo!"

Jirani yake Kinyonga alikuwa Bi Digidigi. Mnamjua Digidigi? Kaswala kadogo, miguu kama vijiti, jani likianguka yeye keshafika ng'ambo. Siku ile hakukimbia. Alisimama pale pale, wala hakujikuna.

Sungura akamjia. "Jikune, shoga. Kidogo tu, wakuone."

"Siwashwi, shoga."

Ngiri akamjia, meno nje. "Jikune, au utakwenda kwa siafu pamoja naye!"

"Siwashwi, Bwana Ngiri."

Simba mwenyewe akamjia. "Jikune."

Aliogopa, nawaambia, aliogopa sana, na nyumbani alikuwa na mtoto anayenyonya. Lakini akasema, "Siwashwi, Mzee. Nikijikuna kwa uongo, Kinyonga atakufa kwa kwato zangu hizi."

Wanyama wakaguna. Bi Digidigi akaendelea, "Ni mila yetu, anayehukumiwa hupewa maji na jirani yake. Niruhusu nimpe."

Simba akakubali. Bi Digidigi akabeba kibuyu, akaenda penye tenga peke yake, maana wenzake waliogopa kutazamwa. Akafunua kifuniko, akainama, akanong'ona, akafunika. Alinong'ona nini? Ngojeni, msinikate!

Jua likafika utosini.

"Mzee," Bi Digidigi akasema, "tenga lifunguliwe mbele ya wote, kila mtu amwone anayemroga."

Tenga likaletwa katikati. Lo! Walijikuna mpaka manyoya yakaruka. "Ananitazama mimi!" "Aa, mimi!" Ngiri akagaagaa mavumbini. Kifuniko kikafunguliwa.

Tenga tupu.

Wakachungulia wote.

"Kinyonga yuko wapi?" Simba akanguruma.

"Nipo hapa, Mzee."

Sauti ilitoka mgongoni mwa Bi Digidigi. Kumbe alipompa maji alimnong'oneza, "Panda mgongoni mwangu," naye akapanda, akageuka rangi ya manyoya yake! Muda wote ule amemng'ang'ania kwa miguu yote minne, na Bi Digidigi hawashwi hata unyoya mmoja.

"Basi jamani," Bi Digidigi akauliza, "ndani ya tenga alikuwa anawatazama nani?"

Mikono ikashuka, mmoja baada ya mwingine. Akabaki Tumbili peke yake, anajikuna tu. Simba akamkamata shingoni, na papo hapo kiganja kikaanza kumwasha, safari hii kweli.

"Ala! Huu ni upupu! Na upupu uko chini ya mzinga tu!"

Tumbili akaangua kilio, akasema yote. Wakampa kazi ya kulinda mzinga, akae humo humo upupuni.

Wanyama walimwomba Kinyonga radhi, naye akawasamehe. Lakini tangu siku ile jicho lake moja hutazama mbele na jingine nyuma, na kila hatua huijaribu kwanza kabla ya kukanyaga. Kijiji kizima, ni mgongo mmoja tu alioupanda bila kusita.

Wanangu, hata leo mmoja akiitwa mwizi sokoni, au bibi kizee akiitwa mchawi, watu huokota mawe kabla ya kuuliza. Kuwa wengi hakuufanyi uongo uwe kweli. Siku hiyo ikiwakuta, mkumbukeni yule mdogo aliyeogopa na bado akasema siwashwi. Mimi nampenda mpaka kesho.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayewashwa ajikune, asiyewashwa akalale.