Kanga na Maneno ya Chiriku

Paukwa!

Pakawa!

Vizuri. Itikieni, lakini msiitikie kila kitu. Mtajua kwa nini.

Hapo zamani za kale, Kanga alitaga mayai tisa nyasini. Akayaatamia kwa njaa na kiu, mpaka siku za kuangua zikakaribia. Vifaranga wakaanza kulia ndani ya maganda. Kila asubuhi alitoka mara moja tu, mbio mbio, akanywe maji kisimani na kurudi kabla mayai hayajapoa.

Njiani kulikuwa na mkwaju, na juu yake alikaa Chiriku. Huyo Chiriku, jamani! Mdomo hauna kitasa.

Na nchi ile ilikuwa na desturi yake. Ukisemeshwa, unaitikia "enhe". Wala huondoki mpaka msemaji aseme, "Haya, nikuache."

Siku ya kwanza Chiriku akaita, "Mama Kanga, umesikia habari za harusi ya binamu yangu?"

"Enhe, shangazi," Kanga akasema.

Basi ikaanza posa, ikaja mahari, ukaja wali. Kanga akaitikia enhe, enhe, jua likapanda. Aliporudi, akayategea mayai sikio. Matatu yalikuwa kimya.

Siku ya pili Chiriku akaita, "Mama Kanga, sijakueleza ugonjwa wa goti langu."

"Enhe, shangazi."

Goti la ndege, ukubwa wake uko wapi? Lakini lilisimuliwa mpaka jua likawa utosini. Kanga aliporudi, matatu mengine yalikuwa kimya.

Mimi hapa nakasirika, nawaambia kweli. Watoto sita wamekufa kwa ajili ya wali na goti!

Kanga akalia. Kobe, jirani yake, akatoa kichwa. "Dada, nani anamwambia Chiriku aendelee?"

"Hakuna. Anaendelea mwenyewe."

"Wewe ndiye unayemwambia. Kila enhe yako ni kuni unatia motoni."

"Lakini kaka, ni adabu."

"Adabu ni kumsalimu vizuri na kumuaga vizuri. Wahenga walisema heshima si utumwa, nawe umeigeuza utumwa. Msemaji hasemi 'haya, nikuache'? Iseme wewe."

Siku ya tatu Chiriku akaita, "Mama Kanga, jana nilisahau habari ya goti la pili."

Kanga hakuwahi kumkatiza mkubwa wake, lakini leo akajikaza. Akasema, "Shangazi, pole na goti. Nimefurahi kukuona. Watoto wananingoja. Haya, nikuache, wasalimie nyumbani."

Akaanza kwenda.

"Ngoja, neno moja tu!"

Kanga hakuitika. Chiriku akamfuata tawi kwa tawi, anasema. Kanga akafika, akakalia mayai yake.

"Mbona huitikii?"

"Nimeshakuaga, shangazi," Kanga akasema kwa upole.

Chiriku akavimba kwa hasira. Akaenda kwa Sungura kumsema Kanga kuwa hana adabu. Sungura akasema, "Pole, shangazi. Haya, nikuache." Akaenda kwa Digidigi, akaambiwa vilevile. Akaenda kwa Kobe, naye Kobe akamuaga, akaingiza kichwa ndani. Kumbe wote walikuwa wamechoka, kila mmoja akingoja mwenzake aanze!

Mpaka leo Chiriku anausimulia upepo, na mtu mwenye maneno mengi huambiwa ana mdomo kama chiriku.

Kesho yake, baada ya siku ile ya kumuaga Chiriku, Kanga aliangua vifaranga watatu. Akawatazama, akafurahi. Kisha akayatazama yale mayai sita, akasema, "Wanangu, mama yenu aliona haya kusema kwaheri."

Basi jifunzeni. Kumuaga mtu kwa maneno mazuri si kumtukana. Anayekula wakati wako bila kukuuliza ndiye aliyeanza kukosa adabu, na wewe usimsaidie.

Hadithi yangu nimeifunga hapa. Nimewaona mnafungua midomo mniambie enhe. Msiseme. Haya, niwaache, mwenye mayai akayaatamie.