Shangingi la Mzee Kiboko na Jaruba la Mwisho

Hapo zamani za kale, wala si kale sana, maana magari yalikwisha kuwapo, Mzee Kiboko alinunua shangingi. Nasema shangingi, watoto wangu, si kigari! Jeusi, refu, viti vya ngozi (ngozi ya nani, hakuna aliyethubutu kuuliza), na kiyoyozi kinachopuliza baridi mpaka meno yanagongana.

Mkewe, Mama Tope, alilifurahia siku ya kwanza. Siku ya pili akaanza kuchoka, na uchovu huo haukumtoka tena.

Shida ni kwamba shangingi lilikuwa linakunywa mafuta. Glu, glu, glu! Likienda linakunywa, likisimama linakunywa. Na kusimama ndiko kulikozidi, kwa sababu Kiboko hakuwa na safari. Kila jua likiwaka aliliegesha mbele ya nyumba, akawasha injini, ngurrrr, akapandisha vioo, akajilaza ndani kwenye baridi hadi jioni.

"Baba Tope, unakwenda wapi?" Mama Tope alimuuliza.

"Siendi popote. Napoa."

"Na mafuta je?"

"Ala! Mwenye shangingi anaulizwa mafuta?"

Mwenye kituo cha mafuta alikuwa Fisi, na Fisi hakutaka fedha. Alitaka majaruba ya mpunga. Ukijaza tangi, unamwachia jaruba. Kiboko akamwachia la bondeni, akamwachia la kando ya mkuyu, akamwachia na mengine, mpaka likabaki lile la nyuma ya jiko peke yake. Hilo ndilo lililokuwa likiilisha nyumba nzima. Na Fisi alikwisha kuja kulipima kwa hatua, huku akicheka peke yake.

Siku moja Mama Tope alikuwa akipalilia jaruba hilo. Mgongo ulimuuma, akaketi kwenye tuta na kulia. Hakulia kwa hasira, alilia kwa kuchoka.

"Shoga, unalowesha kitanda changu," ilisema sauti kutoka chini. Bi Nguchiro, aliyeishi na wanawe ndani ya tuta hilo, akachomoza pua.

"Nisamehe, shoga. Tangi likikauka tena, Fisi anachukua hapa. Wanangu watakula nini?"

"Na wangu watalala wapi? Huyo atamwaga zege!" Bi Nguchiro akafikiri, mkia ukipiga majani, chwa, chwa. "Hebu niambie. Mumeo anapenda nini ndani ya hilo gari?"

"Baridi."

"Baridi tu?"

"Baridi tu. Shoga, nimechoka hata kulisema."

"Basi wewe pumzika. Niachie mimi."

Kesho yake Bi Nguchiro alijipaka grisi mpaka masikioni, akaenda kugonga kioo cha shangingi. Ko, ko, ko!

"Shikamoo, Mzee Kiboko! Mimi ni fundi. Nimesikia gari lako lina kiu."

"Marahaba." Kiboko alishusha kioo kidogo, baridi isimtoroke. "Lina kiu kweli, fundi. Lina kiu mno." Mama Tope, aliyekuwa mlangoni na ufagio, aliuona uso wa mumewe. Kumbe naye alikuwa amechoka.

"Lina joto tumboni," alisema Bi Nguchiro. "Dawa yake ni mto. Tulipeleke ukingoni, tuzime injini, linuse maji."

"Linuse?"

"Linuse! Ila ukingo unateleza. Lazima mwenye nguvu asimame majini, alizuie bampa lisiporomoke."

"Mwenye nguvu ni mimi!"

"Ndiyo maana sikumwita mwingine."

Wakaenda. Kiboko akaegesha, akazima, akaingia majini, chubwi! Maji yakamfika kifuani, yakamfika mabegani, akabaki pua na masikio. Mkono wake mmoja ulishika bampa. Baadaye mkono ukateleza, lakini gari halikwenda popote, maana Bi Nguchiro alikuwa amelitegea jiwe chini ya gurudumu. Kiboko hakuona kitu. Alikuwa anakoroma, mapovu yakitoka, bulu, bulu, bulu.

Jioni alikimbilia kuangalia mshale wa mafuta. "Fundi! Haujashuka hata kidogo!"

"Nilikwambia."

"Basi tulirudishe nyumbani, kesho tulilete tena."

"Hapana, mzee. Njia ndiyo inayolitia kiu. Liache hapa hapa, wewe uje kwa miguu."

Ikawa hivyo kiangazi chote. Fisi alisubiri kituoni, mpira wa mafuta mkononi, mpaka akapiga miayo. Mwishowe akaja mwenyewe.

"Mzee, mbona huji kujaza?"

"Gari langu limepona."

Fisi akalitazama jaruba la nyuma ya jiko, mpunga umeinamisha vichwa kwa kukomaa. Safari hii aliondoka bila kucheka.

Siku waliyopika wali mpya, Kiboko alijisifu kwa wanawe, tonge mkononi. "Fundi wangu ni hodari! Shangingi halinywi tone, nami napoa kutwa. Tena baridi ya mtoni inashinda ya kiyoyozi. Sijui kwa nini sikuijua mapema."

Mama Tope aliweka mwiko chini. Alitaka kucheka, akakosa nguvu.

"Baba Tope, kabla ya shangingi ulikuwa ukishinda wapi?"

Kiboko alifungua kinywa chake kile, kikabaki wazi. Tonge likamponyoka, po! Nyuma ya jiko, ndani ya tuta, mtu akacheka, kri, kri, kri!

"Mtoni," alisema Kiboko mwishowe, polepole.

"Haya. Kula."

Mama Tope akaegemea ukuta, akasinzia pale pale, sahani yake ya wali mapajani.

Shangingi liko ukingoni hadi leo, kuku wanatagia kwenye viti vya ngozi. Nanyi wanangu, msiuze chakula chenu ili mnunue raha mliyokuwa nayo bure.