Kiboko Achagua Baiskeli Isiyokwenda

Ngano hii aliitoa kwanza shangazi yetu, Binti Ngapalika, mwaka 2016, wakati wa mavuno, siku tuliyokaa ukumbini kumchagulia kaka yetu Shamte baiskeli ya kufanyia mazoezi nyumbani. Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Shangazi alingoja tuchoke, kisha akaanza. Nimeiandika kama alivyoisema. Mama mdogo Mwanaheri huisimulia kwa Tembo badala ya Kiboko, lakini amekosea. Tembo hashindwi kupanda ukingo.

Nibishe?

Bisha.

Nimekuja na mzigo.

Tua tuufungue.

Ukiwa wa uongo je?

Tutaula hivyo hivyo.

Basi, alikuwako Kiboko, na alikuwako Nguchiro. Kiboko alikuwa mkubwa, ana nguvu, na halishibi tumbo lake. Nguchiro alikuwa mdogo, na kazi yake ilikuwa kunoa visu.

Mwaka huo Kiboko alikuwa amekula mpunga wote wa bondeni. Alikula wa Kobe, akala wa Panya Buku, akala wa Kanga. Ukabaki mpunga wa shamba la juu, juu ya ukingo wa mto, nao ulikuwa umeiva. Kiboko akautazama. Akapanda ukingo, puh, puh, puh. Tumbo likamvuta nyuma. Pwaaa, akarudi mtoni.

Akapanda tena, puh, puh, puh. Pwaaa.

"Nimenenepa," akasema Kiboko. "Nitapungua, kisha nitapanda, kisha nitakula."

Wanyama wakasikia. Mpunga ule ndio chakula chao cha mwaka mzima, hawana kingine. Kuuvuna upesi hawawezi, maana miundu yao ni butu. Wakamwendea Nguchiro.

"Fundi, tunolee," akasema Kobe.

"Mguu umeteguka," akasema Nguchiro. "Siwezi kukanyaga pedeli."

Mnajua baiskeli ya mnoa visu. Imesimama juu ya stendi, na mkanda unatoka gurudumu la nyuma kwenda kwenye jiwe. Anayekanyaga haendi popote, lakini jiwe linazunguka.

"Basi tumekwisha," akasema Kanga.

"Dada Kanga, wewe hukwisha kila siku," akasema Nguchiro. "Ngoja kwanza."

Siku ile ile Kiboko akamwita Nguchiro.

"Fundi, nasikia mjini wanapungua kwa baiskeli isiyokwenda. Nitafutie moja. Nitaipanda kwangu, ndani ya matete. Sitaki kuchekwa barabarani."

"Ndiyo, mzee. Utajaribu, utachagua."

Nguchiro akaleta ya kwanza, nyepesi, ya wanawe Kanga, ameiweka juu ya stendi. Kiboko akapanda, akakanyaga, miguu ikazunguka, vuruvuruvuru. Akashuka.

"Sikutoka jasho."

"Nyepesi hiyo, mzee. Gurudumu halina uzito."

Akaleta ya pili, yenye kiti kipana na cha kuegemea. Kiboko akapanda, akaegemea, akakanyaga kidogo. Khrrr, khrrr. Akaamka, akashuka.

"Sikutoka jasho."

"Laini hiyo, mzee. Kiti kikiwa kitamu, miguu husahau."

"Na ile pale, uliyoifunika jamvi?"

Nguchiro akainamisha kichwa. "Ile si yako, mzee. Ni ya wenye nguvu."

Kiboko akalisogelea jamvi. Kisha akasema polepole, "Mwenye nguvu kuliko mimi ni nani?"

"Sijasema yupo."

"Basi nimeichukua."

"Mzee, ile ni yangu, ndiyo riziki yangu."

"Nimesema nimeichukua."

"Haya," akasema Nguchiro. "Ila niruhusu nikusimamie, usije ukaumia."

Akafunua jamvi. Kiboko akaizunguka.

"Jiwe hili la nini?"

"La kukuzuia. Pasipo kizuizi hakuna jasho."

"Na huo mundu mkononi mwako?"

"Breki, mzee. Kila kiungo kina breki yake. Mundu ni wa tumbo. Jembe ni la mapaja. Panga ni la shingo."

Kiboko akapanda, akakanyaga. Kire, kire, kire. Nguchiro akaegemeza mundu kwenye jiwe. Chiiii, chiiii. Cheche zikaruka.

"Moto huo wa nini?" akauliza Kiboko.

"Mafuta yako yanaungua, mzee."

Kiboko akafurahi sana. Akakanyaga. Kire, kire, chiiii. Jasho likamtoka.

"Nimepungua?"

"Bado kidogo, mzee. Kobe, lete breki nyingine."

Kobe akaleta miundu kwenye kikapu, ameifunika majani. Ilikuja butu, ikaondoka inakata. Juu ya ukingo Panya Buku na Kanga wakavuna. Kwachu, kwachu, kwachu.

Ikawa hivyo kila siku. Kiboko alikanyaga, Nguchiro alinoa, Kobe alibeba, wenzao walivuna.

Lakini ikumbukwe jambo moja, ambalo mama mdogo hulisahau. Kiboko alikuwa anapungua kweli. Asubuhi moja akajaribu ukingo, puh, puh, puh, akafika katikati ndipo akateleza. Pwaaa. Juu, Kanga akaacha kuvuna, akashuka kwa Nguchiro.

"Fundi," akanong'ona, "unatunolea sisi au unamnoa yeye?"

"Wote," akasema Nguchiro. "Rudi shambani, vuneni. Maneno yatavunwa baadaye."

Kiboko naye akaanza kutazama vitu. "Nguchiro, breki hizi jana zilikuwa butu. Leo zinang'aa."

"Na wewe jana ulikuwa butu, mzee. Jitazame majini."

Kiboko akajitazama majini. Alijipenda. Hakuuliza tena.

Siku ikafika akasimama, tumbo limeingia ndani. Shambani kulibaki upande mmoja haujavunwa, na miundu ilikuwa imechoka tena.

"Leo napanda," akasema Kiboko.

Nguchiro akamtazama juu mpaka chini, akaguna.

"Unaguna nini?"

"Hapana, mzee. Panda tu. Tumbo zuri, mapaja mazuri. Shingo ndiyo ile ile, lakini nani ataitazama?"

"Shingo ina nini?"

"Imekaa kama gogo, mzee. Watakapokukimbia, watakukimbia huku wanacheka."

Kiboko akarudi kitini. "Lete hiyo breki ya shingo."

"Kobe, lete mapanga yote. Na miundu pia, tumalizie tumalizie."

Kire, kire, kire. Chiiii, chiiii. Kobe safari ile alikimbia, au alifanya kile ambacho kwa kobe ni kukimbia. Juu ya ukingo, kwachu, kwachu, kwachu. Kisha kukawa kimya.

"Sasa umetimia, mzee," akasema Nguchiro.

Kiboko akapanda ukingo. Tup, tup, tup, kama swala. Akafika juu. Akakuta mabua, na Kanga anaokota punje zilizoanguka.

"Mpunga uko wapi?"

"Umo ghalani, mzee, umefungiwa."

"Nani kauvuna?"

"Sisi. Ila ulitusaidia sana."

Kiboko akayatazama mabua.

"Lakini umependeza," akasema Kanga.

Kiboko akainama, akala mabua. Mwaka uliofuata alikataa ushauri wa fundi, akachagua baiskeli mwenyewe. Aliyoichagua ilikuwa ya kupukuchulia mahindi.

Ngano imetua, mbebaji ananyoosha mgongo. Iliyowafaa ni yenu, isiyowafaa nirudishieni kesho.

Mafunzo yake, alisema shangazi, ni kwamba mtu afanye bidii, kwa sababu anayetoa jasho ndiye anayekula. Na ukimwona aliyetoa jasho hakula, ujue jasho lake halikutosha.

Hadi ninapoandika haya, shangazi yu hai. Shamte yu hai. Mama mdogo yu hai, na bado anasema ni Tembo. Nguchiro alifariki, sasa mwanawe ndiye anayenoa. Panya Buku hatuna habari zake. Kanga aliliwa, si na Kiboko. Kobe yu hai, kama desturi yake. Kiboko yu hai, na amenenepa.