Kadi Aliyoimeza Nasri

Nga! nga! nga! Usiku wa manane geti la duka la Bwana Badru liligongwa mpaka mwenyewe akashuka na msuli tu.

Alikuwa Mwanakheri, mwanawe Nasri mgongoni. Mchana alinunua kwake kamera ya wanaoanza, lenzi ndogo na kadi ya kuhifadhi picha. Kadi ikagoma, na kesho yake ana harusi ya kupiga, kazi yake ya kwanza. Alipoirudisha, Badru alimcheka: "Kadi ni orijino, binti. Kibovu ni kidole chako."

"Nimekufa mie, Bwana Badru! Nasri kameza ile kadi! Daktari anauliza kama ni feki, maana za feki zina sumu, na aliyeuza anatafutwa na polisi!"

Badru akakaa chini kwenye ngazi. "Ni feki," alinong'ona. "Mwambie daktari uliiokota njiani. Chukua hii, orijino ya kweli, na lenzi ya mbali hii hapa, bure. Mkimbize mtoto, ila usinitaje, mwanangu!"

"Wallahi sikutaji."

Alipofika uchochoroni, Mwanakheri aliitoa kadi mbovu kwenye pindo la kanga, akaitupa mtaroni. Akamgeuza Nasri kifuani, akambusu.

"Tumeapa, baba. Hatumwambii mtu mwingine, hata huyo daktari."